Maziwa ya Kuhamia Ruwi

Maziwa yaliumuka mpaka ukingoni mwa sufuria, yakasita, kisha yakashuka. Sajitha alikuwa ameona maziwa ya kuhamia nyumba yakichemshwa tangu utotoni, kwao Palakkad, kusini mwa India, na hakuwahi kuona yakirudi nyuma. Ni lazima yafurike, ndipo na riziki ifurike. Akaongeza moto. Mara ya tatu yakamwagika shingo upande, naye akajaza vikombe vitatu: cha mumewe Prasobh, cha binti yao Nivi wa miaka mitano, na chake.

"Na cha anko?" Nivi akauliza, akionyesha kona ya friji.

Prasobh akacheka. Sajitha naye, aliyesubiri viza miaka sita, tangu akiwa na mimba ya Nivi, huku mumewe akilala chumba kimoja na wanaume wanne hapa Muscat kabla ya kupata nyumba hii ya mtaa wa Ruwi, hakutaka kununa siku kama hiyo. Kwao kila aliyemo nyumbani hunywa maziwa hayo, na akishakunywa ni mtu wa nyumba. Akamimina cha nne, akakiweka mezani, akamwambia mtoto amkaribishe anko wake. Nivi akakibeba kwa mikono miwili mpaka konani. Kikombe kilirudi kitupu, nao wakamtania Nivi kwa ulafi.

Wiki ile ile maziwa ya paketi yakaanza kuisha ovyo. Saa nane mchana, Prasobh akiwa kazini anafunga viyoyozi, Sajitha alisikia mtu jikoni akifyonza kitu cha moto, polepole, kwa raha zake. Alipokwenda alikuta sufuria ina joto na harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Jini halikumjia akilini. Lililomjia ni mwanamke. Mume wa kukaa peke yake miaka sita hakosi mtu, na mtu huyo hakosi ufunguo. Akanusa mashati, akapekua simu. Hakupata kitu, na roho ikazidi kumuuma.

Kumbe Prasobh naye alikuwa na lake moyoni. Jirani wa chini alimnong'oneza kwamba kila mchana husikia sauti nzito ya kiume juu kwao.

"Nani anakuja hapa nikitoka?" aliuliza siku moja, hata viatu hajavua.

"Niambie wewe, Baba Nivi. Ufunguo umempa nani?"

Wakanuniana. Ijumaa mchana wakawa wamekaa sebuleni, kila mmoja akimchunga mwenzake, waliposikia kule kufyonza chumbani kwa mtoto, kisha kicheko cha Nivi, kisha sauti nzito ikimjibu kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, cha Palakkad hasa, na kila mmoja akamgeukia mwenzake ili amkamate na hatia usoni, akamkuta anatetemeka, na Prasobh aliposukuma mlango wakamwona Nivi peke yake kitandani, na pembeni yake godoro limebonyea kama limekaliwa na mtu mzima, na wakiwa bado wanatazama lile bonde likajaa taratibu, na harufu ya udongo mbichi ikapita katikati yao kuelekea jikoni.

Wakamwita Bi Zuwena, mama wa mwenye nyumba, ambaye watu humwendea kwa mambo hayo. Hakufukiza chochote. Alinusa tu, akauliza nani alimkaribisha.

"Mvamizi ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mmempa kikombe, mwanangu. Ni mgeni, na humfuata mwenyeji wake. Mwenyeji akiondoka, naye huondoka."

"Ni mimi niliyemimina," Sajitha akasema.

Kwa hiyo ndiye aliyepaswa kuondoka. Miaka sita ya kungoja ikazaa siku arobaini za kukaa pamoja, na uchungu wake aliulilia usiku kucha kifuani mwa mumewe, sasa hana tena la kumshuku. Lakini mtoto kwanza. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia Nivi mpaka mtoto akalalamika anabanwa.

Ndani ya ndege kiti cha jirani kilibaki wazi. Sajitha akakiinamia, akanong'ona, "Haya, twende. Mwanangu mwache."

Simu ikalia kabla hawajaambiwa kuzima.

"Mama, umefika?"

"Bado, mwanangu. Baba yuko wapi?"

"Anaoga. Anko ananisuka nywele."

Sajitha akakipapasa kiti cha jirani; hakikuwa kimebonyea.

"Anasema hawezi kuja na wewe, mama. Wewe ulimimina tu. Aliyempa mkononi ni mimi."

Ndege ikaanza kusogea.