Kaya ya 214

Mwanzo ilikuwa kero tu. Winfrida, mtakwimu wa mradi wa visima pale Nachingwea, aliingiza kwenye programu siku ambazo watoto wa kaya mia nne na kumi na mbili waliumwa tumbo na homa msimu wa mvua, akatafuta kurtosi, kile kipimo kinachoonyesha kama mikia ya data imevutwa na namba zilizojitenga mbali mno na nyingine. Alitarajia tatu hivi. Programu ikampa mia mbili na kumi na saba.

Mharibifu alikuwa mmoja: kaya ya 214, Likunja, wilayani Ruangwa, siku sabini na moja. Wengine wote hawakuvuka kumi na mbili.

Kanuni ya mradi ilikuwa kwamba kisima kitaanzia kwa mtoto aliyeumwa zaidi ya siku thelathini. Asipokuwepo, kiende kijiji cha Chiola. Lakini mkuu wake, Bwana Ignasi, hakuinua hata macho. Alisema karani kakosea, na ripoti inatakiwa mchana ule ule. "Itoe hiyo kaya, dada. Mtu mmoja asituaibishe."

Winfrida angeweza kupiga simu Likunja. Uvivu na woga wa mkubwa vikamshinda, akafuta. Kurtosi ikashuka hadi tatu nukta moja, nao wakaenda kula.

Kesho yake asubuhi, akiwa peke yake ofisini, alisikia kata ya kuchotea maji ikikwangua ndani ya ndoo kavu. Ofisini hapakuwa na ndoo. Harufu ya tope la kisima ikapanda. Alipowasha kompyuta, kaya ya 214 ilikuwa mahali pake. Akaifuta, ikarudi; akaifuta tena, na kabla hajainua kidole ile sabini na moja ikajiandika, ikashuka kaya baada ya kaya mpaka skrini nzima ikawa sabini na moja, na kata ikakwangua karibu zaidi, chini ya meza, kati ya miguu yake, taratibu, kama mtoto mwenye kiu asiyetaka kumwamsha mama yake.

Alichukua bodaboda hadi Likunja. Mama wa kaya ile, Ashura, alimpa kigoda, akamweleza bila kulia.

"Munira wangu kaumwa siku thelathini na moja, akafa. Karani akauliza siku zote ngapi. Nikamjumlishia na arobaini za msiba, maana mie kuumwa hakukuisha tulipomzika."

Winfrida alisema pole. Ashura akaeleza kwamba mtoto alikuwa akienda mwenyewe kwenye ndoo, anakwangua, anarudi na kata tupu.

"Na kisima chenu kinakuja lini, mwanangu?"

Winfrida aliikumbuka kanuni. Thelathini na moja peke yake ingetosha kukileta.

Aliporudi ofisini aliandika thelathini na moja, akaandika na kifo. Bwana Ignasi akamwambia ripoti imeshapokelewa na mtambo wa kuchimbia umeshafika Chiola, sasa anataka nini? Hata hivyo harufu ya tope ilikuwa imemfikia na yeye, akamwita Mwalimu Bakary, msomaji wa dua anayejulikana kwa kutoa majini. Bakary alifukiza ubani kona moja tu, akakiweka chetezo chini.

"Huyu si wa kufukuzwa," alisema kwa sauti ndogo. "Mlishamfukuza, ndiyo maana amekuja."

Hakuchukua hata nauli.

Jioni hiyo Winfrida alimkuta binti yake Brigita ameshalala kabla ya giza, jambo ambalo si kawaida yake, paji la uso linawaka, nywele zinanuka tope. Usiku kucha aliomba maji. Asubuhi, kabla ya kumpeleka hospitali, Winfrida alifungua kompyuta aliyorudi nayo kutoka ofisini. Kaya ya 214 ilikuwa imebadilika. Mahali: Nachingwea. Mtoto: Brigita. Siku: sabini na moja.

Hakuhitaji programu kuigawa namba ile. Thelathini na moja, kisha arobaini.

Chumbani, binti yake alikuwa ameshuka kitandani. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, Winfrida aliijaza mwenyewe alfajiri, na bado aliisikia kata ikikwangua.