Pompi ya Kamyo Nyeupe

Soko la Dilala, mjini Kolwezi, lilifurika asubuhi ile, na Kabemba alikuwa akipita katikati ya akina mama wauza samaki wa kapenta na muhogo huku ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Mikono yenyewe ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na mama mmoja mwenye blauzi nyeupe ya libaya alikwisha kumtukania ukoo mzima.

"Tata wa makanika," sauti ikamwita, "kuya huku mbele haujaharibu soko yote."

Aliyeita alikuwa msichana mrefu, kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano kimemkaa kiunoni, kitambaa cha kichwa amekifunga upande kama kofia ya sajenti aliyelewa. Mbele yake ilipangwa miche ya sabuni.

"Hii sabuni yako inatoa mazuti?" Kabemba akauliza.

"Inatoa mazuti, inatoa jasho, inatoa hata bibi mwenye ulikuwa naye mwaka jana. Uko na bibi?"

"Apana."

"Basi kamata moja tu. Hauna kazi mingi."

Akanunua mitatu. Kesho yake akarudi na mikono michafu kuliko jana, na msichana, ambaye hakuwa mjinga, akamwambia mtu mzima asijipake grisi kwa makusudi. Jina lake lilikuwa Tshibola, binti wa Tata Tshibangu, karani wa kampuni kubwa ya shaba. Babu yake ndiye aliyetoka mkoa wa Kasai. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Kabla ya mvua za kwanza alikuwa akimwita Kabemba "mutu wangu wa chini ya kamyo", naye akimwita "sukari ya bei", na soko zima lilikwisha kuchoka nao.

Kama si Tshibola, Kabemba angekufa kwa kinyaa. Alikuwa fundi wa dizeli katika nyumba moja ya kuuza makamyo mapya ya mizigo. Mbele palikuwa na vitrini: vigae vinang'aa, wauzaji wamevaa tai, na kamyo moja nyeupe isiyonunuliwa na mtu, lakini kila asubuhi ilipanguswa kama bibi harusi. Nyuma palikuwa na shimo. Humo ndimo alimolala Kabemba, grisi ikimdondokea mdomoni, akifungua moteur, injini zilizonyweshwa maji na madereva waliokwisha kuuza mazuti, dizeli yenyewe. Kitabu cha kiwanda kilisema kubadili klachi ni kazi ya asubuhi moja. Aliyekiandika hakuwahi kukutana na bolti iliyoota kutu ya Kolwezi. Saa zilizozidi hazikulipwa. Kazi ya garanti, yaani dhamana ya kamyo mpya, haikulipwa kabisa, ndiyo maana neno hilo likitajwa tu, kila fundi alikumbuka kwamba ana haja ya kwenda chooni. Kamyo ikipona, alishukuriwa mtu wa tai. Ikifa tena, "Mwiteni Kabemba."

Na sentensi ya nyumba ilikuwa moja. Kisimba, chef wa atelier, mkuu wa karakana yote, aliwafundisha wote kama katekisimu: "Tunangojea pièce." Pièce, yaani kipuri, ingeweza kuwa imelala kwenye rafu inakohoa vumbi. Mteja aambiwe inatoka Ulaya.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na tatu. Machimbo yalikuwa yanakufa, mshahara ulikuwa umegeuka kisa cha zamani, na wakubwa wakawapata wa kulaumiwa: watu wa Kasai. Vijana waliofunga vitambaa kichwani wakapita nyumba kwa nyumba. Tata Tshibangu alitolewa katika nyumba ya kampuni akiwa na koti na tai, maana alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Kabemba alifika amechelewa, akawakuta vijana wawili aliosoma nao wamekaa mlangoni wanakula kapenta katika sufuria isiyo yao, vidole vinang'aa mafuta.

"Kabemba, kaka, kuya tukule," mmoja akamkaribisha.

Alitema mate chini. Ladha ya kinyaa haikutoka mdomoni.

Familia ya Tshibola ikaangukia kituo cha treni, ikalala nje pamoja na umati wa wenzao, kungojea treni isiyokuja. Mvua iliwanyeshea juu ya magodoro. Mdogo wake Tshibola, Mbelu, akashikwa na homa. Mwishowe familia chache zikachanga zikakodi kamyo ya Feruzi, msafirishaji wa asili ya Maniema, mtu wa kofia iliyodariziwa na maneno machache. Kamyo ikafa pompi ya mazuti kabla haijatoka mjini, ikavutwa hadi kwenye shimo la Kabemba.

"Pompi iko ku magasin," Kabemba akamwambia Kisimba, akionyesha ghala la vipuri. "Mi natia leo, jioni banaenda."

Kisimba alikuwa akichokonoa meno. "Acha bangoje. Mutu mwenye anakimbia haulizake bei. Kesho tutapandisha, kesho kutwa tutapandisha tena."

"Kuko batoto kule, chef."

"Batoto ni ba kwako? Ukiulizwa, jibu unalijua."

Siku hiyohiyo simu ya kaunta ikalia, akaitwa Kabemba. Kisimba alikuwa ameegemea papo hapo, sikio limesimama.

"Mpenzi, ni miye," Tshibola akasema. "Niko na telefone ya paroisse, padri ananiangalia. Kamyo inatoka lini?"

Na mdomo wa Kabemba, uliokuwa umeisema sentensi ile miaka yote, ukajifungua wenyewe.

"Tunangojea pièce, mama. Pengine wiki ijayo."

Kisimba akaitikia kwa kichwa.

"Unaita nani mama? Ni Tshibola. Hauko unaongea na kliyan."

"Najua, lakini..."

"Feruzi alikuwa huko leo. Aliona ile pompi na macho yake, nyuma ya waya, mupya, ingali ndani ya plastiki."

Kisimba akakohoa.

"Mbelu analala ku maji," sauti ikaendelea, sasa ya chini, "na we unaniimbia wimbo ya patron yako. Bandugu yako banatufukuza, na we unatufungia njia. Unataka nini, Kabemba? Tubakie hapa mupaka batumalize?"

"Sukari, sikia..."

"Usiniite vile." Simu ikakatwa.

Alirudi shimoni, akalala chini ya kamyo ya Feruzi bila kugusa kitu. Kilichomchefua si maneno yake mwenyewe tu. Ni kwamba kulikuwa na pembe moja ya moyo wake, ile chafu, ambayo tangu kamyo ile ivutwe ilikuwa inafurahi. Pompi ikikawia, Tshibola anakawia. Kisimba alikuwa mwizi, sawa. Na yeye je, aliyekuwa akinufaika?

Akatoka shimoni, akachukua funguo zake za bolti. Ule wa mlango wa magasin ulikuwa mfukoni mwa Kisimba. Lakini vitrini haikufungwa kamwe wakati wa kazi.

Aliingia na viatu vyake vya grisi, vigae vikalia chini yake. Kamyo nyeupe ilikuwa na moteur ileile ya kamyo ya Feruzi, mama mmoja baba mmoja. Akainamisha kabini mbele, akaanza kufungua. Mazuti yakatiririka juu ya vigae, yakaelekea taratibu kwenye meza ya muuzaji wa tai, aliyenyanyua miguu.

"Kabemba, unafanya nini hapa?"

"Kazi ya garanti."

Muuzaji akakumbuka kwamba ana haja ya kwenda chooni.

Kazi hiyo ilimtoa Kabemba jasho lote alilokuwa nalo. Kisimba alipokuja kugundua, pompi ilikwisha kufungwa kwenye kamyo ya Feruzi, imerekebishwa, na moteur inanguruma.

"We ni mwizi!" Kisimba akapiga kelele, uso umemvimba. "Umefukuzwa! Nitaambia nini mwenye kuja kununua ile kamyo nyeupe?"

"Mwambie tunangojea pièce," Kabemba akasema, akapanda kando ya Feruzi, aliyekuja kuichukua kamyo yake.

Kituoni, watu walipanda wakiwa na sufuria, cherehani na mikeka yenye maji. Tata Tshibangu alipita mbele ya Kabemba kama anavyopita mtu mbele ya nguzo. Tshibola alikuwa na kikwembe kilekile cha kijani, matope yamefika magotini, Mbelu amelala begani mwake. Hakumsalimu. Alimwuliza jambo moja tu.

"Ile pompi inatoka wapi?"

"Ku kamyo ya vitrini. Niliitoa na mikono yangu, saa ya kazi, wote banaangalia."

Tshibola akamtazama usoni. Kisha akaficha mdomo kwenye pindo la kikwembe, na mabega yake yakatikisika. Alicheka mpaka akalia, au alianza na kulia, Kabemba hakujua. Akapanda nyuma, Kabemba akamfuata, naye akakaa mbali hatua mbili, lakini hakumwambia ashuke.

Nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Kamina, kulikuwa na barieri, gogo lililokingamishwa barabarani. Vijana wa vitambaa wakawashusha watu, wakachagua cherehani mbili na godoro moja kama watu walio sokoni. Mmoja akamfikia Kabemba, akasikia namna anavyoongea.

"We si mutu wabo. We ni mutu wetu. Toka mule."

"Naenda nabo."

"Kama nani?"

Kabemba alitazama godoro lililovutwa kwenye matope.

"Kama mukwe," akasema. "Huyu njo baba mukwe wangu. Yule njo bibi yangu."

Barieri nzima ikacheka. Kijana akamgeukia Tata Tshibangu. "Ni kweli, muzee? Sema vizuri. Kama anadanganya, tunabakia naye hapa."

Tata Tshibangu aliinyoosha tai yake, ambayo mvua ilikuwa imeifanya kamba. Alimwangalia Kabemba, kwa mara ya kwanza tangu mlango wake uvunjwe, na hakuharakisha.

"Huyu?" akasema. "Hajaleta hata kuku. Hajakaa kwangu, hajatuma mujomba yake, hana adabu." Akameza mate. "Lakini ni mukwe wangu. Mumwache apande."

Kijana alitema mate kwenye kiatu cha Kabemba. "Enda. Lakini Kolwezi usirudi tena, umesikia?"

Alisikia. Mama yake alikuwa huko nyuma, mtaa wa Musonoi, na hakuwa amemuaga. Akapanda.

Barieri ikainuliwa, kamyo ikaanza kupanda kilima kwa gia ya chini. Tshibola alisogea, hatua moja, kisha ya pili.

"Nani alikuambia mi nakubali?"

"Hakuna mutu."

"Uliuliza baba, uliuliza batoto ba barieri. Miye haukuuliza."

"Nakuuliza sasa."

Tshibola alimshusha Mbelu begani. Akamlaza, kichwa kwenye mapaja yake, miguu kwenye mapaja ya Kabemba, akawafunika wote watatu kwa kikwembe kikavu cha mama mmoja aliyewapa bila kuombwa.

"Shika yeye vizuri," akasema. "Njia ni mubaya mupaka kule kwetu."