Joto Lililo Chini ya Uwanja Wetu

Siku baba alipofariki, jiko la kuni la sebuleni halikuwashwa. Kila asubuhi ya majira ya baridi, yeye ndiye aliyepasua kuni, akazoa majivu na kuwasha moto. Kila usiku aliuzima mwenyewe kabla ya kulala. Siku ile watu waliokuja kutupa pole walishika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba ilikuwa baridi.

Tulibaki wawili, mama na mimi. Mimi nafanya kazi katika kiwanda cha mikate, na huondoka kabla hakujapambazuka. Mama ana magoti mabovu, hawezi kupasua kuni. Basi siku moja aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga madirisha ili joto lisitoke. Niliporudi mchana nilimkuta sakafuni, anatapika, kichwa kinamgonga.

Nesi wa zahanati alisema wazi: "Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu. Huioni, wala huisikii harufu. Ukijifungia nayo, unalala moja kwa moja. Usirudie tena, mama."

Dada yangu, fundi cherehani, alikuja siku hiyo hiyo.

"Mama, unahamia kwangu. Chumba kipo."

"Nyumba hii niliijenga na baba yenu. Sitoki."

"Basi itafutiwe joto lililo salama. Baridi ijayo nikikukuta unatetemeka, nakubeba mgongoni."

"Mgongo wenyewe huo?" mama alimjibu. "Tutaanguka wote mlangoni."

Alitania, lakini macho yake hayakucheka.

Jirani yetu ni mchimba visima. Alikuwa rafiki wa baba, na mama humwita shemeji. Alipopata habari, alikuja jikoni kwetu.

"Shemeji, joto unalo chini ya uwanja wako," alisema. "Huku juu leo jua kali, kesho baridi kali. Kule chini ardhi haibadiliki sana mwaka mzima."

"Kwa hiyo nikalale kisimani?"

"Hapana. Tia mkono nyuma ya friji yako."

Mama akatia. "Pana joto."

"Sehemu kubwa ya joto hilo imetoka ndani ya friji. Friji huondoa joto huku na kulitupa kule. Ipo mashine inayofanya vivyo hivyo kwa nyumba. Wakati wa baridi huvuta joto la ardhini na kulileta ndani. Wakati wa joto hugeuza kazi, hutoa joto la ndani na kulirudisha ardhini. Inatumia umeme, lakini mdogo kuliko hita, kwa sababu hailitengenezi joto. Inalihamisha tu."

Hakutuficha kwamba kuiweka ni ghali. Tuliuza pikapu ya baba. Mama aliifuta vumbi kabla haijachukuliwa.

Mchimba visima alitoboa mashimo mawili membamba uwanjani, kila moja karibu mita mia. Ndani yake aliteremsha mabomba yenye maji yanayozunguka bila kutoka nje. Fundi mwenzake aliweka mashine stoo, kubwa kama friji, na masanduku ya feni vyumbani. Kisha wakaziba nyufa zote za madirisha na milango.

"Joto likivuja," fundi alituambia, "ni kama kuteka maji kwa pakacha."

Baridi ikaja. Nyumba ikawa baridi vile vile.

Dada alikuja wiki ya pili. Aligusa ukuta. Alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja nguo za mama. Mama alikaa kitandani akimtazama. Mimi nikamfuata mchimba visima.

Alikagua mashine, kisha akatazama kidude cha ukutani cha kupangia joto.

"Shemeji, nani anaizima hii?"

"Mimi. Usiku nazima. Asubuhi nawasha, naipandisha mpaka mwisho."

"Kwa nini?"

"Mtu halali na moto unawaka ndani. Baba yao hakufanya hivyo hata siku moja."

Mchimba visima aliketi karibu naye.

"Alikuwa na haki. Moto ungeweza kuunguza nyumba. Lakini hapa hakuna moto, shemeji, wala moshi. Mashine hii ni ya mwendo wa polepole. Ukiizima usiku, kuta zinapoa. Asubuhi unaitaka ipande mlima mbio. Inachoka, inakula umeme mwingi, na wewe bado unatetemeka. Iweke digrii ishirini, iache hapo mchana na usiku."

"Sitapata usingizi."

"Jaribu siku tatu."

"Siku tatu," dada alisema. "Sanduku nimelifunga, linabaki hapa."

Usiku wa kwanza mama aliamka mara mbili kwenda kuisikiliza. Usiku wa pili aliamka mara moja. Siku ya tatu dada alikuja, akavua koti, akaketi kupiga soga.

"Umevua koti," mama alimwambia.

Dada alijitazama. Akaenda chumbani, akafungua sanduku, akazirudisha nguo kabatini moja moja.

Sasa mashine yetu haizimwi. Msimu wa joto tunaigeuza ipoze. Mimi husafisha vichujio vya feni kila mwezi, na mara moja kwa mwaka fundi huja kuikagua. Mama ndiye anayempigia simu.