Mleta Mwanga

Jioni ile nilitumwa kupeleka karatasi moja tu.

Padri Severini aliikunja mara nne, akanikabidhi mlangoni mwa misheni. "Jumapili uwasomee hii, Dominiko. Usiongeze, usipunguze." Ilikuwa masika, mwaka ambao reli ya Wajerumani ilifika Morogoro. Kutoka misheni hadi kanisa letu la nyasi juu mlimani ni mwendo wa saa mbili, na mimi, mwalimu wa dini wa kijiji kile, niliijua njia kwa nyayo. Lakini nilichelewa kuondoka, na nilichelewa kwa makusudi. Karatasi ile ilikuwa ya kusahihisha neno nililolikosea, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuua mtu.

Mtu huyo alikuwa Mwaisha, dada mkubwa wa mama yangu. Mimi nilimwita mama, kama inavyopasa kwetu.

Masika ya Uluguru hulowesha kila kitu, hata kuni zilizo darini. Moto ukizimika, umezimika. Mama Mwaisha alikuwa na gogo la mti mgumu ambalo sikumbuki kuliona limezimika tangu utoto wangu. Kila jua likikaribia kuzama alitia makaa kwenye kigae cha chungu, akayafunika jivu, akapita mlango kwa mlango. "Hodi. Nimeleta moto." Ukimtazama kutoka mbali katika ukungu ulikuwa huoni mtu. Unaona nukta moja nyekundu inatembea.

Hakutaka ubatizo, ila alipenda kusimama dirishani nikifundisha. Siku moja nilikuwa naeleza kwamba Shetani aliumbwa malaika mwema, akaanguka kwa kiburi.

"Mwanangu," akasema kutoka dirishani, "huko mbinguni hapakuwa na ubaya, sivyo?"

"Hapakuwa, mama."

"Basi hicho kiburi alikiokota wapi?"

Mzee mmoja akasema labda kilipandishwa na wapagazi kutoka pwani, pamoja na chumvi. Watu wakacheka sana. Nami nilicheka, lakini usiku sikulala.

Wiki iliyofuata niliandaa somo lingine. Padri alikuwa amenifundisha kwamba lile jina la kale la Shetani, kwa Kilatini, maana yake ni mchukua nuru. Nuru lilikuwa neno la pwani, na watu wangu wengi hawakuwa nalo. Nikaandika mwanga. Nililipenda hata nikamwonyesha Mikidadi, karani wa akida, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akipita na daftari lake. Akasoma, akanirudishia.

"Mwanga una maana mbili, mwalimu. Ni nuru, na ni mchawi anayeingia nyumba za watu wamelala. Hawa wako watasikia ipi?"

Nikamwambia watu wangu nawajua kuliko yeye.

Jumapili nikasimama mbele yao. "Shetani," nikasema, "kabla hajaanguka alikuwa mwanga mkubwa kuliko wote. Jina lake ni Mleta Mwanga."



Fransisko akainuka taratibu. Jumatano alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na wiki nzima ya ugonjwa uji wa mtoto ulipikwa kwa makaa ya Mama Mwaisha. "Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, "huyo mwanga tutamjuaje?"

Nilielewa alichosikia. Nilielewa pale pale, kabla hajaketi. Ilikuwa niseme tu: ndugu, nilimaanisha nuru. Pumzi moja ingetosha.

Nikasema, "Mtamjua kwa kiburi chake. Ni yule anayeuliza maswali ambayo Mungu hakuyauliza."

Vichwa vikageuka dirishani.

Hakuna aliyempiga. Nataka hilo lieleweke, maana tulilisema mara nyingi sana baadaye. Walimwaga maji tu juu ya gogo lake, kisha kila mtu akafunga mlango. Mvua ikanyesha siku mbili. Jioni ya pili nikasikia hodi kwangu.

"Dominiko. Mwanangu. Naomba moto."

Moto nilikuwa nao. Nilikaa kimya mpaka nyayo zikaondoka.

Walimkuta asubuhi ameketi kwenye njia ya kupanda mlimani, kigae mapajani. Mvua ilikuwa imekiosha mpaka kikawa cheupe.

Mikidadi ndiye aliyepeleka habari misheni. Niliitwa huko mara baada ya maziko, nikakaa mpaka ikaandikwa karatasi ile, nami nikapanda nayo, siku kumi baada ya maziko.

Ukungu ulinikuta kwenye kijito. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima. Nikasikia harufu ya moshi, na hapakuwa na nyumba karibu. Nikainua macho.

Nukta nyekundu.

Ilikuwa mbele yangu, hatua ishirini hivi, inapanda. Niliposimama, ikasimama. Nilipotembea, ikatembea. Nikajiambia ni mtu wa kijijini aliyetoka kuomba moto. Nikaharakisha nimfikie. Umbali haukupungua.

Kisha haikuwa mbele tena. Joto lilikuwa ubavuni mwangu, upande wa kushoto, kama mtu anayetembea na mwenzake.

Mdomo ukanitangulia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Matone ya maji kwenye majani ya migomba.

"Mwanangu, umepajua?"

"Wapi, mama?"

"Alipokiokota kile kiburi."

Nilikimbia. Sijui nilivyovuka bonde la mwisho. Nilifika kanisani ulimi nje, nikaukuta mlango umefungwa kwa kamba, fundo langu mwenyewe, kama nilivyoliacha. Nikalifungua kwa meno.

Mezani palikuwa na kigae cheupe. Ndani yake makaa, mekundu, yanapumua.

Asubuhi Fransisko aliufuata moshi, akaja na fungu la nyasi kavu, akachukua moto bila kunisalimu. Nyuma yake wakaja wengine. Ndipo nikajua kwamba tangu maziko hapakuwa na nyumba yenye moto uliodumu baada ya jua kuzama.

"Ni wewe uliyeuweka hapa?" nikamuuliza Fransisko.

"Mimi?" akasema. "Sisi tumedhani ni wewe."

Sikumwambia niliyoyasikia njiani. Labda yeye naye alikuwa na yake.

Jumapili nikaikunjua karatasi. Nikasoma kwamba Shetani alikuwa malaika wa nuru, na kwamba neno mwanga lilitumika kwa kukosea. Fransisko akainuka tena. Alikuwa amekonda.

"Kwa hiyo mwanga ule ulikuwa nuru tu?"

"Nuru tu."

"Si mchawi."

"Si mchawi."

Akanitazama. "Na Mama Mwaisha?"

Karatasi haikuwa na jina lake. Na Padri alisema nisiongeze.

"Tusali," nikasema.

Miaka mingi baadaye nilikutana na padri mwingine, msomi wa lugha za kale. Aliniambia kwamba maneno ya nabii juu ya nyota iliyoanguka kutoka mbinguni, yaliyozaa lile jina la mchukua nuru, yaliandikwa kumdhihaki mfalme wa Babeli, mtu wa nyama na damu. Na kwamba Shetani, katika lugha ya manabii, ni neno la kawaida. Maana yake ni mpinzani, mshitaki, yule anayesimama kumshitaki mwenzake.

"Basi mtu yeyote anaweza kulibeba?" nikamuuliza.

Akanimiminia chai.

Simhukumu Fransisko. Alikuwa baba aliyefiwa, akapewa neno la kushika. Mimi ndiye niliyempa.

Sasa mimi ni mzee, naishi peke yangu. Magharibi ikiingia, ninafunga mlango mapema. Kisha naisikia ile harufu, na kigae kikiwekwa taratibu kizingitini.

"Hodi. Nimeleta moto."

Sauti haina hasira. Ningependa iwe nayo. Anangoja kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa karibu, kisha anakwenda. Asubuhi nayakuta makaa, bado mekundu.

Nayaingiza ndani. Nayapikia uji.