Picha ya Moyo Usiouma

Saa sita mchana ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulikuwa umefurika. Lifti mbili kati ya tatu zilikuwa zimekwama, na watu walijazana mbele ya ile moja iliyobaki, wakisukumana kwa mabega na mifuko. Pembeni, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, alikaa mwanamke mwenye sare ya bluu ya hospitali na hereni ndogo za lulu, akigawa vipeperushi ambavyo watu waliishia kujipepea navyo.

Wagonjwa wake walimwita Tulia. Kazi yake ilikuwa kupiga moyo picha za skani, na kila aliyelala kwenye mashine alimwambia maneno yaleyale: tulia, vuta pumzi, ibane. Siku hiyo alitafuta watu wa utafiti. Walitakiwa wawe wamevuka arobaini na hawaumwi chochote, ili hatari iliyojificha moyoni ionekane kabla haijawaangusha.

Mlango wa lifti ya kati ukafunguliwa kwa mikono kutoka ndani. Akatoka mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kijivu, grisi mpaka viwikoni. Watu wakampigia makofi kama amefunga bao. Alipofika mezani kuomba karatasi ya kujifutia, akapewa kipeperushi.

"Una miaka mingapi, Fundi?"

"Arobaini na mmoja. Lakini mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakutaka."

Fundi akawageukia waliokuwa karibu. "Mmemsikia dada? Ananitaka, tena mbele ya mashahidi."

Tulia alijikaza asicheke, kicheko kikamtokea puani. Alimwandikia namba ya hospitali. Fundi akaomba na ile isiyo ya hospitali, akapewa.

Kwa wiki sita walipigiana simu kila saa ya chakula.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ghorofa ya kumi na nne, nimekaa juu ya lifti. Na wewe?"

"Chini kabisa, namsubiri mtu abadilishe nguo."

"Basi mimi nishuke, wewe upande, tukutane ya saba."

Jumapili moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani, Fundi na shati lake jeupe lililonyooshwa likanyooka, alimweleza Tulia habari za baba yake. Alianguka akafa kwenye ngazi za nyumbani, ndoo ya maji mkononi, ana miaka arobaini na minne. Hakuwahi kulalamika hata kuumwa kichwa. "Mama anasema alikuwa anapiga mluzi," Fundi alisema. "Ukakatika katikati."

Toka siku hiyo Tulia hakumpa nafasi ya kupumua mpaka aende kupigwa picha. Fundi alipiga chenga, leo kesho, leo kesho. Halafu Jumanne moja akajitokeza bila taarifa, zamu ikiwa ya Tulia na mwenzake yuko likizo.

"Mikono yako ya baridi, mama watoto," alisema akibandikwa nyaya kifuani.

"Nyamaza, utaniharibia picha."

Tulia alikaa nyuma ya kioo, akatazama. Mishipa inayouzunguka moyo ilipaswa kuonekana ya kijivu. Kwenye mshipa wa mbele chokaa ilikuwa imeganda, inang'aa nyeupe kama mfupa, na vipande vingine vilikuwa kwenye mshipa wa kulia. Kompyuta ilijumlisha chokaa yote ikatoa alama mia tano na kumi na mbili. Watu wengi wa umri wake huwa na sifuri.

Mpiga picha haruhusiwi kutoa majibu. Alikwenda kumwona daktari mchana uleule, akamwomba aanze na picha ile. Daktari alimwambia kwamba mtu asiye na maumivu anaweza kusubiri zamu yake, siku kumi.

"Umeona nini humo?" Fundi alikuwa amemwuliza akifunga vifungo.

"Daktari atakupigia."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimeshakujibu."

Siku zile kumi zilikuwa ndefu. Tulia alimpigia asubuhi, mchana na jioni. Umefika? Umepumzika? Usipande ngazi. Alimpokonya mifuko mkononi. Fundi akicheka, yeye aligeuza uso, macho yamelowa. Fundi alidhani amechokwa. Siku ya kumi na moja daktari alimpa majibu, na Fundi akapiga simu akiwa nje ya geti la hospitali.

"Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

"Siku zote hizo unanishikia mifuko. Kumbe umeshaanza matanga."

"Sikuruhusiwa kusema, mpenzi."

"Kanuni sigombani nayo. Ungeniambia umeona kitu na huwezi kukisema, ningeelewa. Wewe ulinitazama kama maiti. Mama yangu aliachwa na watoto wanne. Sitaki mwingine aachwe hivyo na mimi. Usinipigie tena."

Tulia hakumpigia. Alipiga picha za mioyo ya watu wengine, nane kwa siku, wiki tano. Kadiri siku zilivyopita aliliona kosa lake vizuri zaidi. Siri ilikuwa ya kazi, lakini machozi yalikuwa yake, na alikuwa amemlilia mtu aliye hai akimwona.

Alhamisi moja asubuhi Fundi aliingia, amepungua kidogo, amevaa shati la mistari. Nyuma yake alikuja mdogo wake, muuza matairi, mtu mnene aliyekuwa akinung'unika toka mlangoni.

"Daktari amesema ndugu wa damu wapimwe," Fundi alisema. "Huyu nimemvuta kwa mkono."

Tulia alimpiga picha muuza matairi, safari hii bila kubadilika uso. Alipotoka alimkuta Fundi kwenye viti vya plastiki vya barazani, akakaa kiti cha pili.

"Usiniambie ulichoona," Fundi alisema.

"Sikukusudia kukwambia."

"Nameza vidonge. Sigara nimeacha, leo siku ya thelathini na tatu. Nilimwuliza daktari nitakufa lini, akasema picha haina tarehe. Inaonyesha tu kwamba hatari yangu ni kubwa, na kwamba kuna la kufanya. Baba hakulipata hilo."

"Mama anasemaje?"

"Amenigombeza. Nilimwambia nimekuacha ili nisikuachie ujane. Akaniuliza, 'Nani alikutuma unionee huruma? Miaka kumi na mitano niliyokaa na baba yako, unataka niirudishe?'"

Tulia alitazama mikono yake mapajani. "Nilikulilia badala ya kukaa na wewe. Nisamehe."

"Na mimi nilikuamulia bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Miaka niliyobakiza siijui. Utakubali nikuoe?"

Mgonjwa mmoja alipita akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Wakangoja apite.

"Picha zako nyingine atapiga mwenzangu," Tulia alisema. "Na nyumbani sitakuhesabia vidonge. Nataka kuwa mke, nesi unaye hapa."

"Hayo masharti nimeyasikia. Jibu bado."

"Jibu ni ndiyo."

Muuza matairi alitokea akichomekea shati. Aliwatazama wote wawili, akaona walivyoshikana mikono, kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakosa la kulalamikia.

Alasiri Tulia alimpigia shangazi yake, aliyemlea.

"Shangazi, kuna mtu anataka kuja kujitambulisha Jumamosi. Atakuja na mama yake."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti."

"Mzima lakini?"

Tulia alivuta kiti, akakaa. "Haumwi. Lakini moyo wake una hatari, Shangazi. Nimeuona kwa macho yangu."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Na umekubali?"

"Nimekubali."

"Basi waje mapema," shangazi alisema, "tukae nao siku nzima."