Baraza la Wenye Johari

"Uza hiyo simu yako wiki hii, au niambie ukweli kwamba hutaki kuolewa kwetu."

Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya wodi, viatu amevivua, miguu imemvimba kwa zamu ndefu. Mchumba wake, ambaye wenzake wote walizoea kumwita Mhasibu kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake, alisimama mbele yake hajamuuliza hata kama amekula.

"Simu na kuolewa vinahusiana nini, mpenzi?"

"Vinahusiana sana. Nyumba yetu nzima ni Johari. Baraza la familia liko kwenye Johari. Wewe na hiyo Radi yako umekaa nje kama mtu asiye na kwao."

Kwa asiyejua, watu wa simu za bei ya juu wamegawanyika makundi mawili tu, wa Johari na wa Radi, na wanachukiana kuliko wake wenza. Johari ina kitu kinaitwa baraza. Mnafungua, kila mmoja yuko kwake, mnapiga soga kwa sauti kana kwamba mko sebule moja, na jina la kila anayeingia linatokea kwenye kioo. Mwenye Radi haingii hata akibisha hodi mpaka kesho asubuhi.

"Lakini Radi yangu chaji inakaa zamu mbili," Nesi alijitetea. "Hiyo Johari yako kila saa iko ukutani inanyonya umeme."

"Dada Mkubwa ameniuliza jana. Wifi yetu mbona hatumsikii barazani? Nimjibu nini? Nimwambie anatumia Radi?"

"Kwani ni dhambi?"

"Si dhambi. Ni dalili kwamba mguu mmoja bado uko nje."

Nesi alimpenda yule mwanamume, jamani, tusimcheke. Walikutana hapo hapo wodini, mama yake Mhasibu alipoletwa na kiharusi, upande wa kulia umepooza na ulimi mzito. Nesi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani ili ngozi isichubuke, mpaka yule mama akawa anamwita "mwanangu" kwa shida ya silabi moja moja. Mtoto wa mgonjwa akawa anakuja jioni, akaleta maua, akaleta maneno. Na Nesi alikuwa amefika ule umri ambao hata mashangazi wamechoka kuuliza utaolewa lini. Sasa pete ilikuwa inakaribia, na walikubaliana kwamba akishaolewa ataacha kazi, ahamie kwao, akae na Mama, aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Matroni alikuwa amekwisha kuambiwa atafute mtu mwingine.

Aliyekuwa haafiki ni mmoja tu, nesi mwenzake wa zamu, aliyepewa jina la Sindano kwa ajili ya mdomo wake.

"Leo anakwambia badilisha simu, kesho atakwambia badilisha sura," Sindano alisema wakikunja mashuka.

"Wivu huo."

"Wivu wa nini, na mimi mume ninaye na ananichosha? Chukua hiyo Johari, lakini Radi usiiuze. Weka zote mbili."

"Amesema mwenye simu mbili ana mioyo miwili."

"Amesema yeye? Basi mkague yeye kwanza."

Nesi akacheka, akaendelea kukunja. Mtu aliyekwisha kupenda humwambii kitu, utamaliza mate yako bure.

Alhamisi Mhasibu akaja na boksi. Ndani mna Johari, kioo kinameta, kava jeupe. Nesi alilia, machozi ya kweli kabisa, na Mhasibu akaondoka na Radi mfukoni. Jioni ile alimwandikia: "Asante mpenzi wangu. Sijawahi kupewa zawadi kubwa hivi maishani."

Mhasibu akajibu: "Sasa wewe ni wetu. Radi nimeshaipeleka dukani wameinunua. Jumapili nitakuingiza barazani mwenyewe nikutambulishe."

Angesubiri Jumapili, leo tungekuwa tunasimulia habari za ndoa. Lakini Jumamosi alasiri, Nesi akiwa chumbani kwake anapiga pasi sare za kazi, Johari ikalia. Kwenye kioo pameandikwa: Baraza la familia liko wazi. Gusa uingie.

Akazima pasi. Akajifunga kitambaa kizuri kichwani, kana kwamba watamwona. Akafikiri atawashtua kidogo, awaamkie, wacheke, mchumba wake ajivune. Akagusa.

Jina likatokea. Halikuwa lake. Kioo kilisema: Dada Mkubwa ameingia.

Kabla hajaelewa, sauti ya shemeji yake mdogo, yule kitinda mimba wao, ikasema, "Dada karudi. Umeoga haraka hivyo?"

"Mwache, kipaza sauti chake kimezimwa, bado anajipaka mafuta," Mhasibu alijibu. "Tuendelee."

Nesi alitafuta pa kugusa ili aseme jamani ni mimi. Kidole kilikuwa hewani bado Kitinda aliposema, "Kwa hiyo kaka, pete unamvalisha kweli?"

"Namvalisha. Suti si ninayo?"

"Na yule wa ng'ambo?"

"Yule anajua kila kitu. Nimemwambia huu ni mpango wa Mama tu. Mama akishapumzika, na huyu naye atapumzishwa kwa talaka, mimi napanda ndege."

Kitinda akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, wewe ni shetani."

"Shetani wa nini? Ulikuwepo walipotutajia mshahara wa muuguzi wa nyumbani. Mchana mmoja, usiku mwingine, na wa mapumziko. Pete unanunua mara moja tu, mdogo wangu. Mshahara ni kila mwezi."

Nesi alikaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye miguu ya meza ya pasi. Hakulia. Aliisikiliza ile sauti aliyoizoea sikioni, sauti iliyokuwa ikimwambia lala salama mke wangu, na akaona ni ileile, haijabadilika hata kidogo.

Kisha akafanya jambo ambalo mwenyewe hakujua ana uwezo nalo. Akaandika, na maandishi yakatokea barazani kwa jina la Dada Mkubwa: "Na ukimzoea je? Ukampenda?"

"Dada naye ana maswali," Mhasibu alisema. "Nimpende vipi? Ananuka dawa. Nikimkumbatia nahisi nimelazwa."

Akaandika tena: "Hajashtuka chochote?"

"Yule? Nimempa ile Johari yako ya zamani, nimeisugua kioo, nimeitia kwenye boksi la hii yangu mpya. Ameniandikia sijawahi kupewa zawadi kubwa hivi. Ngoja niwasomee."

Akawasomea, kwa sauti ya kumwigiza, ya puani. Kitinda alicheka akaomba arudie. Akarudia.

Mhasibu hesabu zote alizipiga, moja tu ilimpita. Alifuta picha za dada yake kwenye simu ile, akafuta na nyimbo, lakini jina la dada yake hakulitoa barazani.

Nesi akaandika mara ya tatu: "Mama anampenda sana huyu msichana."

"Mama anampenda anayemsafisha. Akija mwingine atampenda mwingine. Mama hajui hata leo ni siku gani."

Hapo ndipo sauti mpya ikaingia, kubwa, ya mtu aliyetoka kwenye maji. "Haya nimerudi, nywele zimenichelewesha. Mmefika wapi?"

"Dada," Kitinda aliuliza taratibu, "si upo humu muda wote? Si unaandika?"

"Niandike nini na mikono ya sabuni? Ndiyo kwanza naishika simu."

Nesi akaona alama ya kipaza sauti, sasa kila kitu kilikuwa wazi kwenye kioo, akaigusa.

"Hamjambo nyote," alisema. "Mnaniona barazani? Ni mimi ninayenuka dawa."

"Mpenzi," Mhasibu alianza.

Nesi akatoka.

Ikaita, na ikaita tena. Halafu zikaja meseji.

"Mpenzi huo ulikuwa utani wa kaka na mdogo wake."

"Wanaume tunaongea hovyo, usiniadhibu."

"Mama hajala. Anakuulizia. Njoo kwa ajili yake."

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa machozi, maana alijua inaweza kuwa kweli. Akajibu maneno mawili: "Nakuja kesho."

Asubuhi alipitia kwanza kwa Matroni, akasimama mlangoni akasema haachi kazi tena kama nafasi yake bado ipo. Matroni alimtazama usoni, hakuuliza sababu, akamwambia zamu yake ni Jumatatu. Kisha Nesi akaenda kwa kina Mhasibu.

Walikuwa sebuleni wote watatu. Dada Mkubwa akainuka na tabasamu la kuazima.

"Wifi, karibu. Haya mambo ya simu haya, yanagombanisha watu."

"Simu yako hii hapa." Nesi akaiweka mezani. "Na usiniite wifi."

Mhasibu akapiga magoti. Alipiga magoti kweli, suruali ya kitambaa kizuri kwenye zulia. "Nisamehe. Nilikosa, shetani alinipitia. Mama hajagusa chakula tangu jana, kila anayemlisha anamtemea."

"Ajirini muuguzi."

"Bei zao si unazijua."

Mtu yuko magotini anaomba msamaha, na bado ulimi wake unakwenda kwenye bei. Hata Dada Mkubwa alifumba macho.

"Naenda kumuaga Mama," Nesi alisema.

Kitinda akaziba mlango wa ukumbini. "Usimwambie. Presha itampanda, utamuua."

"Simwambii mimi. Atamwambia mwanawe."

Chumba cha Mama kilikuwa nyuma, pazia limefungwa, hewa imelala. Nesi alifungua dirisha kwanza, kwa mazoea, ndipo akasogea kitandani. Jicho zima la yule mama likachangamka.

"Mwa-na-ngu. Pe-te?"

"Muulize mwanao, Mama."

Mhasibu alisimama mguuni pa kitanda, mikono mfukoni. "Mama, Nesi amepata kazi mbali. Nchi nyingine. Pete itasubiri."

Mama hakumtazama. Alimtazama Nesi. "Kwe-li?"

Jibu rahisi lilikuwa ndiyo. Lingemwacha yule mama na mtoto wake, na yeye Nesi angeondoka bila kumuumiza mgonjwa. Alilitaka lile jibu kwa moyo wote.

"Hapana, Mama."

"Basi mwambieni yaishe." Ni Dada Mkubwa, mlangoni, uvumilivu umemwisha. "Mama, tulikuwa tunakutafutia mtu wa kukutunza. Kosa liko wapi? Sote tuna kazi, sote tuna maisha yetu. Tulidhani akiolewa atakaa, basi. Hakuna aliyekusudia ubaya."

Mdomo wa Mama ulisogea upande mmoja, ukarudi, ukasogea tena.

"Bu-re?"

Mhasibu aliangalia dirisha. Basi Mama akaelewa, maana aliwazaa yeye na anawajua.

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukautafuta mkono wa Nesi juu ya shuka, ukaushika kwa nguvu ambayo Nesi hakujua bado imo.

"Nenda."

"Mama, naweza kuja siku za mapumziko. Nikuogeshe tu. Kwa ajili yako, si kwa ajili yao."

"Nenda. U-si-ru-di." Akapumzika, akavuta pumzi. "Wa-ki-kwa-mbia na-kufa, u-si-je."

Nesi alilia sasa, bila aibu, kichwa kwenye ule mkono. Alikuwa amekuja kuagana na mchumba asiyemtaka, kumbe aliyekuwa anampoteza ni huyu. Mama alimwacha alie kidogo. Kisha akauachia mkono, akaugeuza uso wake taratibu kwa mwanawe.

"We-we. Ni-ge-uze."

Mhasibu akamtazama dada yake. Dada yake akasema anaitwa na simu, na simu yake ilikuwa haijalia. Kitinda hakuonekana.

"Mama, tutatafuta mtu leo leo, kuna mama mmoja jirani—"

"Wewe."

Akakunja mikono ya shati. Akainama, akashika bega la kulia, lile lililopooza, akalivuta. Mama akatoa sauti ya maumivu. Nesi alikuwa amekwisha kufika mlangoni, mkoba begani, na mikono yake yote miwili ilitaka kurudi.

"Siyo hilo," alisema. "Tia mkono chini ya mgongo."

Mhasibu akatia mkono chini ya mgongo. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na shuka lilikuwa limelowa, na ilibidi asogeze uso karibu kabisa na wa mama yake. Nesi hakusubiri kuona. Alipita sebuleni, akapita uani, akafungua geti. Kupitia lile dirisha aliloliacha wazi akamsikia yule mama, kwa sauti ya kukokota lakini safi, akimwambia mwanawe, "Vi-ba-ya. A-nza te-na."