Jina Lililosuguliwa Kwenye Kinara

Mnaniomba tena habari ya Firmin na vinara vyake. Kwenu hakuna kazi? Haya, nitaisema, lakini mtu asinililie hapa.

Firmin alikuwa na duka la vitu vya kale pale Tournus, mji mdogo wa Ufaransa, nyuma ya kanisa. Mkewe, Eulalie, alipofariki aliacha vinara viwili vya mishumaa, shaba iliyovishwa fedha, kila kimoja matawi matano, na kwenye kitako limechorwa jina lake, zawadi ya harusi. Kabla hajafa alimwomba mumewe ampe binti yao, Sabine, vinara hivyo. Firmin akaapa.

Miezi minane haijaisha, akaja mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale kutoka Lyon, anataka kuvinunua. Alivipenda, ila jina la marehemu wa watu hakulitaka mezani kwake. Sasa, muuza vya kale yeyote anajua: ukisugua maandishi kwenye kitu kama kile, fedha inatoka na shaba inachungulia, lazima kikavishwe upya. Firmin alijua. Alisugua, kwa mkono wake, kisha akavipeleka vikavishwa upya, akaviweka kabatini kumngoja mnunuzi.

Jumapili, mchana kweupe, wako mezani, akasikia kitambaa kinasugua chuma. Swa, swa, swa. Akadhani ni Sabine jikoni. Sabine alikuwa mbele yake, anakata jibini.

"Unasikia?"

"Nini tena, baba? Kula."

Ikaja harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na nyumba ile haikuwa imewasha mshumaa tangu mazishi. Akashika kinara kabatini. Pale aliposugua palikuwa na joto, kama kiganja cha mtu.

Kesho yake akafungua cheti cha ndoa, jina la mke halipo, karatasi nyeupe tu. Akakimbilia barua ambazo mkewe alimwandikia yeye alipokuwa jeshini, na chini ya kila barua, mahali pa sahihi, peupe. Akaenda makaburini bila kofia, mvua inamnyeshea, na tarehe zote zipo kwenye jiwe lakini juu yake, palipokuwa na jina, pamekuwa laini, panang'aa, na kutoka chini ya udongo, polepole, bila kuchoka, swa, swa, swa.

Akaenda kwa Mama Perrine, yule mganga anayetuliza maumivu ya kuungua moto kwa maneno tu, ambaye watu humwendea kupitia mlango wa nyuma.

"Amekuja kuniua," Firmin akanong'ona.

"Akuue ya nini? Wewe ulianza kumfuta. Yeye anamalizia kazi yako."

"Nifanye nini?"

"Kalirudishe jina. Kimbia."

Akakimbia na vinara kwa mchoraji wa maandishi ya vyuma. Mzee akashika kalamu yake ya chuma, akauliza amwandike nani. Firmin akafungua kinywa, jina limemtoka kichwani. Akampigia Sabine simu, akamsihi amtajie jina la mama yake. Mtoto alidhani baba amepatwa na kiharusi. Akalitaja mara tatu, taratibu, huku analia. Firmin akasikia kitambaa tu kinasugua.

Sabine alikwenda mwenyewe, jina likachorwa, vinara akachukua. Baba yake akipapasa pale, kwake ni laini.

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Kila Novemba Firmin hulipia misa, na padri akiuliza ni ya nani, hujibu, "Ya mke wangu," basi. Padri hulisoma jina altareni kwa sauti. Kanisa zima hulisikia, isipokuwa yeye.